Kidude cha Ripeka na Neno la Mama Yake

Hebu mwone Ripeka akifika. Gari lake dogo la kijivu ameliegesha nje ya lango, kwenye foleni ya magari ya wageni, wala si uani nyuma ya jiko ambako watu wa nyumbani huegesha. Ameshuka taratibu. Nguo zake nyeusi, kichwani kavaa taji la majani mabichi la waombolezaji, na picha ya mama yake ameikumbatia kifuani. Mkono mmoja umeishika picha. Mwingine umebonyeza pale pale, chini ya ubavu wa kushoto, kama mtu anayehakikisha kwamba pochi yake bado iko mfukoni.

Pale langoni wageni husubiri waitwe, ndiyo desturi. Hakuna anayekanyaga majani ya uwanja ule wa ukoo kabla mwanamke wa nyumbani hajasimama barazani na kupaza sauti. Siku hiyo aliyesimama alikuwa Kararaina, mdogo wa huyo mama wa kwenye picha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha milima miwili. Aliuanza mwito wake, mrefu, wa kulia na kukaribisha kwa pamoja, na katikati ya mwito akamwona Ripeka kasimama na wageni. Sauti ikayumba. Hakuikatisha, kwa sababu mwito ukikatika ni nuksi. Lakini walipokwisha kusalimiana kwa kugusanisha pua na kulia pamoja, alimvuta pembeni.

"Tangu lini wewe unaingia na wageni?"

"Tangu nianze kujiuliza mimi ni wa wapi, Mama Mdogo."

"Wewe ni wa kuosha vyombo," alidakia binamu yake Tiopira, mkuu wa jiko, ambaye alikuja na aproni yake na viatu vya mpira hadi magotini. "Mlango wa jiko unaujua. Sufuria zimekukumbuka mwaka mzima."

Ripeka alicheka kidogo, kicheko cha adabu. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu wamzike mama yake, Pirihira, na kesho yake asubuhi jiwe la kaburi lingefunuliwa, ndipo msiba ufungwe kabisa. Kila mtu alikuja kuufunga. Ripeka peke yake alikuja kuufungua.

Sasa nikueleze, uelewe kilichokuwa kikimla.

Ripeka hakuzaliwa na Pirihira. Hilo halikuwa siri. Aliyemzaa ni Makere, binti mdogo wa ukoo, aliyeshikwa na uchungu msimu wa kukata manyoya ya kondoo, genge zima la wanyoaji likiwa safarini huko milimani, kutoka shamba moja kwenda lingine. Pirihira ndiye aliyekuwa mpishi wa genge. Alimzalisha yule binti katika vyumba vya vibarua, kando ya jiko la kuni, mkate ukiungua ndani kwa kukosa wa kuutoa. Makere akamkabidhi mtoto, kama watu wa kule wanavyokabidhiana watoto ndani ya ukoo bila aibu wala maneno, kisha akapanda ndege kwenda Australia, akafia huko huko.

Basi kitovu cha Ripeka kilizikwa wapi? Kwa watu wale, kitovu hurudishwa ardhini, na pale kilipo ndipo mtu anaposimama na kusema: mimi ni wa hapa. Binamu zake wote walikuwa wakijua vilipo vyao. Cha Tiopira kiko chini ya mti ule wa karibu na choo, na alitaniwa hivyo maisha yake yote. Cha Ripeka alikijua mtu mmoja tu, yule aliyekishika mkononi msimu ule, na genge lilipita mashamba mengi.

Utotoni alimwuliza. "Mama, changu kiko wapi?"

"Kula kwanza," Pirihira alikuwa akijibu, "kisha nitakwambia."

Kula kwanza. Maana akiwa bado shuleni Ripeka alipatwa na kisukari, kile cha watoto, kisichotaka mwili utengeneze insulini yake hata chembe. Pirihira alijifunza kudunga sindano kwa mikono yenye unga wa mkate. Alimwamsha alfajiri kumpima. Genge lilipolala, yeye alikaa macho akisikiliza pumzi ya mtoto. Chakula kikawa ndiyo kauli yake kwa kila kitu: kula kwanza, utakwenda kuogelea, kula kwanza, utaniambia huyo kijana ni nani. Na Ripeka alikula, akakua, akawa mshika manyoya katika genge lile lile, mwenye kuirusha sufu nzima ya kondoo juu ya meza ikatua imekunjuka kama shuka. Swali lake likabaki kiporo. Halafu Pirihira akapigwa na kiharusi, mdomo ukapinda, ulimi ukafa. Miezi ile ya mwisho alimtazama Ripeka kwa macho yaliyojaa maneno, asitoe hata moja.

Kidude alichokuwa akikibonyeza ubavuni kilikuja wakati huo huo. Miaka mingi ya sindano ilikuwa imeuzoesha mwili wa Ripeka kiasi kwamba ulikuwa hautoi tena onyo. Wengine sukari ikishuka hutetemeka, hutokwa jasho, hujua. Yeye alikuwa anazimika tu, kama taa. Hospitali ya mjini ilitafuta watu wa namna hiyo kwa majaribio, na ikampachika chini ya ngozi kidude kidogo kama kifungo cha koti. Ndani yake mlikuwa na vijumba vinne, kila kimoja kina unga mkavu wa homoni ya kupandisha sukari. Kibandiko mkononi kinasoma sukari. Ikishuka mno simu yake hupiga kengele. Kengele isipojibiwa, kidude hutetemeka na kijumba kimoja hufunguka chenyewe. Hakimsubiri mgonjwa azinduke wala jirani aje.

"Ndiyo kusema umemeza nesi," Tiopira alimwambia.

Pirihira alipokufa, Ripeka alikaa kando ya jeneza ndani ya nyumba ya mababu, juu ya godoro, na wanawake wa karibu. Wakaao pale hawali mpaka jua litue, na chakula hakivuki kizingiti cha nyumba ile hata kwa bahati mbaya. Wazee walimwambia yeye ale, mgonjwa hana lawama. Akakataa. Akasema ana kidude.

Hapo ukazuka mjadala barazani. Mzee mmoja alisema dawa ile ikiingia ni sawa na kula. Mwingine akasema chakula hupita mdomoni, na hiki hakipiti. Tiopira akauliza, je, kikifunguka ndani ya nyumba, nani ataosha vyombo? Wakacheka mbele ya maiti, kama wanavyocheka kule, maana marehemu naye anataka kusikia. Wakaafikiana kwamba si chakula. Kosa lenyewe ndilo hilo. Walikitazama kidude kama ruhusa ya kufunga, na wenye kukitengeneza walikuwa wamekikusudia kiwe cha dharura tu.

Alasiri ile Ripeka alizimika. Na alipozimika hakukuta giza.

Alikuta jiko la vyumba vya vibarua. Harufu ya sufu yenye mafuta, na mkate unaoungua. Pirihira alikuwa kampa mgongo, anakanda unga, na sauti yake ilikuwa nzima, ile ya kabla ya kiharusi.

"Kitovu chako, mwanangu," alisema, "nilikiweka…"

Kidude kikatetemeka. Joto likapanda, kichefuchefu, na Ripeka akafumbua macho akaona boriti za dari na Kararaina kamshika mashavu. Watu walilia kwa furaha. Na yeye alilia, ila si kwa furaha. Alijiona kama mtu aliyekata simu mama yake akiwa katikati ya neno.

Mazishi yalipopita, nyumbani kwake mjini, Jumapili moja baada ya kanisa, alijidunga insulini makusudi na asile, ili sukari ishuke. Nakuomba usimwite mwendawazimu, mimi simwiti. Jiko lile lilikuwepo. Mama yake alikuwa amegeuka kidogo, bega likionekana. "Nilikiweka chini…" Kidude kikatetemeka, kikamrudisha. Baada ya muda akaenda tena. Sasa lilionekana shavu. "Chini ya…" Kikamrudisha. Na tena. Akawa anauchukia ule mtetemo kama mtu anavyomchukia mlinzi wa mlango. Siku za katikati alikuwa akiusikia hata pasipokuwa na kitu, akiwa ameshika birika, akiwa anafua: ubavu unatetemeka, ananusa hewa.

Nesi wa majaribio, Losa, mwanamke wa Kisamoa mwenye kucheka na kila mtu, siku hiyo hakucheka.

"Ripeka, vijumba vyote vinne vimekwisha. Vitatu vimefunguka siku za Jumapili. Kuna nini Jumapili?"

"Nalala sana."

"Dada, mimi si mtoto." Alimshika mkono. "Tutakubadilishia, lakini chumba cha upasuaji kimejaa mpaka wiki ijayo. Kwa sasa umebeba kopo tupu. Kula. Simu iwe karibu. Nimeeleweka?"

Alieleweka. Ripeka hakumwambia mtu. Simu akaiacha ndani ya gari nje ya lango, chini ya kiti. Na sasa yuko pale ndani ya nyumba ya mababu, picha ya mama yake imeegemezwa ukutani chini ya picha nyingine za wafu wa ukoo, na yeye kando yake juu ya godoro. Asubuhi alijidunga. Tangu hapo hajatia kitu mdomoni.

Kararaina alikuwa amekaa upande wa pili wa picha, anafuma soksi.

"Nenda jikoni ukale, Ripeka. Kufunga ni kwa siku ya maiti. Leo ni mkesha wa jiwe tu."

"Nitakula jua likitua, Mama Mdogo. Nataka kukaa naye."

"Ukaidi huo umeurithi kwa nani?"

"Ndilo swali langu hilo."

Mwanamke mzee aliacha kufuma, akamtazama, kisha akaendelea. Nje, wanaume walikuwa wakichoma mawe ya kupikia chakula cha shimoni cha kesho, na Tiopira alisikika akimtukana mtu kuhusu viazi vitamu. Jua liliingia kwa mlango likalala sakafuni. Kararaina alisimulia habari za dada yake, jinsi alivyowahi kumfukuza mnyoaji kwa kijiko cha mti. Ripeka alijibu ndiyo, ndiyo. Halafu akajibu kitu kingine.

"Mkate unaungua, mama."

Sindano za kufumia zikasimama. Kararaina alimsogelea. Paji la uso la Ripeka lilikuwa limepauka, macho yako wazi yakitazama mahali pasipo na mtu. "Ripeka?" Akamtikisa. Kisha akatia kiganja chini ya ubavu, akasubiri, kwa sababu wote walikuwa wameambiwa: kitatetemeka, msiogope. Alisubiri kama anayesubiri mtoto apige teke tumboni.

"Hakitetemeki," alisema. Kisha akapaza ile sauti yake ya milima miwili. "Tiopira! Hakitetemeki!"

Tiopira alikuja mbio na kikombe cha chai ya asali, akafika kizingitini, akagota pale kana kwamba kagonga ukuta. Miguu yake ilikataa. Maisha yake yote hajawahi kupitisha hata kombo la mkate mlangoni pale.

"Mama Mdogo, niingie?"

"Utaingia na kikombe mbele ya wakubwa hawa wote?" Kararaina aliitazama safu ya picha ukutani.

"Basi tumtoe nje!"

"Ana uzito wa kondoo dume, tutamtoa lini?"

Kule Ripeka alikokuwa, hakuna aliyepiga kelele. Jiko la kuni lilikuwa linawaka. Safari hii Pirihira aligeuka mzima. Uso wake ulikuwa wa ujana, mdomo umenyooka, unga hadi viwikoni. Alivuta kiti. Mezani palikuwa na sahani moja, mkate umekatwa, siagi inayeyuka.

"Mama, changu kiko wapi? Chini ya nini?"

Pirihira alitabasamu. "Kula kwanza," alisema, "kisha nitakwambia."

Ripeka alikaa. Njaa aliyokuwa nayo haina jina. Kila mtoto wa ukoo ule ameambiwa kwamba ukienda kwa wafu ukala chakula chao, umehamia huko, hurudi tena. Alilijua hilo. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya mkate, na mkate ulikuwa wa moto.

Katika nyumba ya mababu, Kararaina alitia mkono mfukoni mwa sweta lake.

"Tiopira, geuka utazame nje."

"Nini?"

"Geuka, nimesema!"

Akageuka. Ikasikika karatasi ikichakarishwa. Kararaina, yule aliyewafokea vizazi vitatu kwa kutafuna ubani barazani, alitoa peremende, ya mnanaa, iliyokwisha kukaa mfukoni siku nyingi mpaka imeshika nyuzi za sufu. Aliipasua kwa meno yake, akaipenyeza punje moja ndani ya shavu la Ripeka, akaisugua kwenye ufizi kwa kidole. Halafu punje nyingine.

"Meza mate, mwanangu. Meza."

Kwa hiyo zilikuwa sauti mbili, na zilifanana, maana walikuwa ndugu wa tumbo moja. Moja inasema kula. Nyingine inasema meza. Ripeka alishika mkate, akahisi mnanaa ukimchoma ulimi, mkali, wa kijinga, wenye ladha ya mfuko wa sweta. Alimtazama mama yake. Pirihira alikuwa ameweka mikono mapajani, anangoja, wala hamlazimishi.

Alimeza mate.

Ilichukua muda mrefu. Hakuna mtetemo, hakuna joto la ghafla, ila kurudi polepole kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Walipoweza kumkokota hadi barazani, Tiopira alimnywesha chai ile yote huku akilia na kumtukana.

"Una wazimu, binamu! Unataka tukafunue mawe mawili kesho?"

Kararaina alikaa chini kando yake. Walikaa hivyo mpaka Tiopira alipokwenda kuleta chai nyingine.

"Kidude kitupu," alisema Kararaina.

"Kitupu."

"Na ulijua."

Ripeka alijifuta mdomo. Baadaye akauliza, "Mama Mdogo, siku ile ya msiba, nilipozimika. Ulikuwa unaniambia nini?"

"Nilikuwa nakuita. Ripeka, amka. Ripeka, amka. Nini kingine?"

"Hukusema habari za kitovu?"

"Kitovu?" Mwanamke mzee alimgeukia. "Mimi sikuwa kwenye genge mwaka ule. Ningekijua, ningekwambia ungali unatambaa." Alitoa peremende nyingine, akaitazama, akaitia mdomoni mwake mwenyewe. "Nimekuwa nikila hizi mle ndani tangu nilipoolewa. Dada yangu alijua. Hakunisema."

Pua zake zikacheza.

"Yule mjinga," alisema, "kaunguza mkate."

Ripeka aligeuza shingo kutazama jiko. Moshi wa mawe ulikuwa ukielekea upande wa mto. Tiopira alikuwa anarudi na kikombe, na alipoulizwa alishangaa: mkate wa kesho ulinunuliwa dukani, umo kwenye mifuko yake, hakuna aliyewasha oveni. Kararaina alimshika Ripeka mkono na hakuuachia hadi jua lilipotua.

Asubuhi walilifunua jiwe. Watu waliimba, mvua ikapita, chakula cha shimoni kikatolewa, na Ripeka alikula sahani nzima mbele ya macho ya Kararaina. Kisha akaenda jikoni kwa mlango wa nyuma, akaosha vyombo.

Wiki iliyofuata alilazwa kubadilishiwa kidude. Kipya kilikuwa chembamba zaidi, chenye vijumba vingi zaidi, na Losa alikuja kitandani na kompyuta yake ndogo. Kararaina alikuwa kwenye kiti cha pembeni, anafuma. Chumba kilinukia dawa ya kusafishia sakafu, na chini ya dawa hiyo, kwa mbali, Ripeka alinusa sufu.

"Lipo jambo moja ambalo ni lako kuamua," Losa alisema. "Naweza kukipanga kifunguke mapema, sukari ikianza tu kuteleza. Hapo hutazimika tena kamwe, lakini kitakusumbua mara nyingi, na dawa itaisha haraka. Au nikipange kichelewe kidogo, ndani ya mipaka ya usalama. Utafika karibu na giza, kisha kitakurudisha. Wengi huchagua hivyo, hawataki usumbufu." Akaweka kidole juu ya kitufe. "Mapema, au kichelewe?"

Sindano za kufumia zilisimama. Ripeka alikuwa na peremende shavuni, na mahali fulani mama yake alikuwa amekaa na mikono mapajani, mbele ya sahani isiyoguswa, akiwa na neno moja lililobaki.

Wewe uliyenisikiliza hadi hapa, ungekuwa juu ya kitanda kile, na Losa anangoja, ungemjibu nini?